Kuchomelea Alumini kwa TIG: Tungsteni Ipi, Gesi Ipi, na kwa Kazi Gani

Kwenye TIG, tao la umeme linaloyeyusha kazi hutoka kwenye elektrodi, fimbo nyembamba ya tungsteni, huku gesi ikiikinga na hewa. Ulizia tungsteni ya alumini kwenye duka la vifaa vya kuchomelea, iwe Gerezani Dar es Salaam au Industrial Area ya Nairobi, na kabla hujatajiwa bei utaulizwa: rangi gani? Fundi mmoja ameshakwambia kijani ndiyo ya alumini, haina mjadala. Mwingine haachi nyekundu. Kijana aliyenunua majuzi inveta, mashine ya kisasa ya kielektroniki, anasema bluu. Ukihamia kwenye gesi mkanganyiko unazidi, maana kuna argoni tupu, kuna argoni iliyochanganywa na heliamu, na kuna muuzaji mwenye mtungi wa MIG (uchomeleaji wa waya unaojilisha wenyewe) anayekuhakikishia kwamba ni argoni ileile.

Hiyo ya mwisho si ileile, nitaieleza mbele. Kuhusu nyingine, kila mmoja wa hao watu anaweza kuwa sahihi kwa mashine yake na kazi yake. Ndiyo maana ulinganisho huu hauanzi na rangi. Unaanza na mashine uliyonayo na unene wa kipande unachokishika, kwa sababu tungsteni huchaguliwa na mashine, na gesi huchaguliwa na unene.

## Alumini inataka nini

Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Juu yake umekaa utando mwembamba wa oksidi, na utando huo hauyeyuki mpaka uvuke nyuzi 2,000. Ukipeleka joto bila kuuvunja, alumini ya chini inakuwa maji huku ngozi ya juu ikiwa bado ngumu, halafu ghafla sehemu nzima inadondoka na kukuachia tundu.

Ndiyo sababu alumini huchomelewa kwa AC, yaani mkondo geu. Umeme hugeuza mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Tungsteni ikiwa upande hasi, joto linakwenda kwenye kazi na mshono unazama. Ikiwa upande chanya, utando wa oksidi unapasuliwa na kuondoshwa. Usafishaji huo una gharama: katika nusu hiyo joto linairudia tungsteni yenyewe. Tungsteni huyeyuka kwenye nyuzi 3,422, hakuna metali nyingine inayofika huko, na bado kwenye AC utaiona ncha yake ikilainika.

Hapa mashine zinatofautiana. Transfoma ya zamani inafuata wimbi la umeme wa gridi, Hz 50, na kwa kawaida inagawa nusu kwa nusu kati ya kuzamisha na kusafisha. Tungsteni inapigwa joto muda mrefu, hivyo ncha lazima iwe na kijidonge cha duara. Inveta inatoa wimbi la mraba, ina kitufe cha balansi, na unaweza kuipa upande hasi asilimia 65 hadi 75 ya muda. Ncha inapoa zaidi, inaweza kubaki imechongoka, na tao la umeme linakwenda pale unapolielekeza.

Kabla hujatoa hela ya tungsteni yoyote, hakikisha mashine yako kweli ina AC. Inveta nyingi za bei nafuu zimeandikwa TIG ubavuni lakini ni za DC, umeme usiogeuza mwelekeo, peke yake. Zinachomelea chuma cha kawaida na chuma cha pua vizuri sana, ila kwa alumini na argoni hazitakusaidia, hata ukinunua elektrodi ya bei ghali kuliko zote dukani.

## Vigezo nilivyotumia

Tungsteni nimezipima kwa mambo manne: tao linavyowaka na kutulia, ncha inavyohimili AC, afya ya anayeinoa, na matumizi yake nje ya alumini, kwa sababu karakana nyingi zina paketi moja tu ya kazi zote. Gesi nazo zina manne yake: joto linaloingia kwenye kazi, usafishaji wa oksidi, urahisi wa kuwasha tao, na gharama ukihesabu kwa dakika za kazi wala si kwa mtungi.

Rangi ninazotaja ni za kiwango cha ISO 6848. Kuwa macho na paketi zisizo na jina la mtengenezaji wala maandishi ya aina. Rangi ni rangi tu, mtu yeyote anaweza kuipaka. Herufi kama WL15 au WC20 kwenye kasha zina uzito zaidi, na duka lenye sifa lina uzito kuliko herufi.

## Tungsteni, moja baada ya nyingine

### Kijani, tungsteni tupu (WP)

Tao. Kwenye transfoma linatulia vizuri. Kuwaka kunahitaji msukumo zaidi kuliko elektrodi zilizochanganywa oksidi ya metali nyingine, lakini transfoma ya TIG ina umeme wa masafa ya juu unaosaidia muda wote, kwa hiyo hulisikii hilo sana.

Ncha. Inatengeneza kijidonge safi, laini, kinachong'aa. Tatizo ni kwamba inabeba ampea chache kuliko nyingine za kipenyo kilekile. Ukiipa umeme mwingi kijidonge kinavimba, kinaanza kutikisika, na mwishowe tone linaangukia kwenye mshono. Kwenye inveta tatizo hilo linakuja mapema zaidi, na tao linazungukazunguka badala ya kukaa mahali pamoja.

Afya. Haina mionzi. Vumbi lake bado usilivute.

Matumizi mengine. Machache. Kwa chuma kwenye DC ni dhaifu.

Inamfaa mwenye transfoma anayefanya alumini karibu kila siku na hana mpango wa kubadilisha mashine.

### Nyeupe na kahawia, zenye zirkoniamu (WZ8 na WZ3)

Tao. Limetulia kwenye AC, zuri kuliko la kijani wakati wa kuwaka.

Ncha. Hapa ndipo sifa yake ilipo. Inashika kijidonge kama kijani, lakini inabeba ampea zaidi na haitemi vipande kwa urahisi. Tungsteni ni nzito sana, kwa hiyo kipande chake kikidondokea ndani ya mshono kitaonekana kwenye picha ya eksirei kama doa jeupe, na mkaguzi ataikataa kazi. Kwa kazi za namna hiyo zirkoniamu imejijengea heshima.

Afya. Haina mionzi.

Matumizi mengine. Ni ya AC. Usiinunue ukidhani utachomelea bomba la chuma cha pua jioni.

Inamfaa mwenye transfoma anayepandisha ampea, na karakana yenye kazi za kukaguliwa. Nyeupe ina zirkoniamu nyingi kuliko kahawia, nayo ndiyo rahisi zaidi kuipata madukani.

### Nyekundu, yenye thoriamu asilimia 2 (WT20)

Tao. Kwenye DC linawaka upesi na kushika ncha kali kwa muda mrefu. Ndiyo maana mafundi waliokulia kwenye mabomba ya chuma wanaipenda, na wana haki ya kuipenda.

Ncha. Kwenye AC ya transfoma haitengenezi kijidonge kimoja. Inatoa vichunusi vidogo vingi, tao linaruka kutoka kimoja hadi kingine, na ncha inaweza kupasuka. Kwenye inveta yenye balansi ya upande hasi inafanya kazi ya alumini kwa kiwango kinachokubalika, na wapo wanaotoa mshono safi nayo.

Afya. Thoriamu ina mionzi. Mionzi yake mingi ni ya alfa, isiyopenya ngozi, kwa hiyo kuishika mkononi sio hatari yenyewe. Hatari ni vumbi wakati wa kunoa: likivutwa linakaa kwenye mapafu na kuendelea kutoa mionzi huko ndani. Ukiamua kuitumia, vaa barakoa ya kuzuia vumbi, nolea mahali penye kifyonza vumbi, na usipulize benchi kwa kompresa. Karakana ambamo watoto wanapita, au ambamo mtu anakaanga chipsi hatua chache kutoka kwenye grenda, haifai kunolea nyekundu.

Matumizi mengine. Mapana sana kwenye DC.

Inamfaa ambaye sehemu kubwa ya kazi yake ni chuma kwenye DC, alumini inakuja mara mojamoja, na ana mahali salama pa kunolea.

### Dhahabu na bluu, zenye lanthanamu (WL15 na WL20)

Tao. Linawaka kwa urahisi hata kwenye ampea ndogo, linatulia AC na DC.

Ncha. Kwenye inveta unaweza kuinoa ikachongoka, ukaikata kidogo mbele iwe bapa, na ikakaa hivyo kwa kazi nyingi. Kwenye transfoma nayo inafanya kazi, ingawa kijidonge chake si kizuri kama cha kijani au nyeupe. Tofauti kati ya dhahabu yenye asilimia 1.5 na bluu yenye asilimia 2 ni ndogo kiasi kwamba ningechukua ile iliyopo dukani leo na yenye maandishi ya kuaminika.

Afya. Haina mionzi.

Matumizi mengine. Hapa inavuka zote: alumini, chuma, chuma cha pua, shaba, kwa paketi moja.

Inamfaa mwenye inveta ya AC/DC anayepokea kazi yoyote inayoletwa mlangoni. Asiyefaidika nayo sana ni yule mwenye transfoma ambaye kijani chake kinamtosha.

### Kijivu, yenye seriamu asilimia 2 (WC20)

Tao. Kwenye ampea ndogo ndipo inapoonyesha uwezo wake. Linawaka mara moja, bila kuruka, hata kwenye bati jembamba.

Ncha. Kwenye ampea ndogo na za kati inadumu. Ukiipandisha sana, oksidi yake inahamia mbele kwenye ncha na kuisha, na ubora unashuka.

Afya. Haina mionzi.

Matumizi mengine. Nzuri kwa mirija na bati jembamba la chuma cha pua kwenye DC.

Inamfaa anayeshughulika na bati la milimita 1 hadi 2: rejeta, mirija ya kiyoyozi, makasha. Anayeziba silinda hedi atafute nyingine. Katika maandishi ya zamani ya Marekani aina hii ilipewa rangi ya chungwa, kwa hiyo ukikuta chungwa kwenye kasha la zamani usishangae.

Zipo pia za zambarau na rangi nyingine, zenye mchanganyiko wa oksidi kadhaa. Zinakusudiwa kufanya kazi ya nyekundu bila mionzi, lakini fomula hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, kwa hiyo sifa ya kampuni moja usiihamishie nyingine.

## Kipenyo na ncha vina uzito kuliko rangi

Nasema hivi kwa kusisitiza, kwa sababu naona watu wanabishana juu ya rangi huku wameshika milimita 1.6 kwenye ampea 170. Elektrodi nzuri kuliko zote itayeyuka ikipewa mzigo usio wake.

Kwa kukadiria, alumini inahitaji kama ampea 40 kwa kila milimita ya unene. Bati la milimita 3 linataka ampea 120 hivi, na hapo tungsteni ya milimita 2.4 iko nyumbani. Chini ya ampea 80 tumia 1.6. Ukianza kukaa juu ya 170 au 180 kwa muda mrefu, hamia 3.2. Mwenye mashine ya ampea 200 anayetaka kununua kipenyo kimoja tu, 2.4 itambeba kwenye kazi nyingi.

Noa kwa urefu, mikwaruzo ikielekea kwenye ncha, siyo kuizungusha elektrodi jiweni. Jiwe la kunolea tungsteni liwe lake peke yake. Jiwe lililogusa chuma linabandika uchafu kwenye ncha, na uchafu huo unaishia kwenye alumini. Noa upande usio na rangi, usije ukabaki na fimbo sita zisizo na rangi, usizojua ipi ni ipi. Kama unatumia kijidonge, kipenyo chake kisizidi mara moja na nusu ya kipenyo cha elektrodi. Kikizidi hapo, punguza ampea au panda kipenyo.

Na ncha ikigusa dimbwi la metali iliyoyeyuka, simama. Utaona ncha imevaa koti la alumini, tao limegeuka kijani-kijani na masizi meusi yamemwagika pembeni mwa mshono. Kuendelea ni kupaka uchafu huo mbele. Kata kipande kilichoguswa, noa upya.

## Gesi

### Argoni tupu

Joto. La wastani, linalodhibitika. Kwa mashine ya ampea 200, bila kupasha kazi kwanza, inakufikisha kwenye unene wa milimita 5 hivi. Zaidi ya hapo unaanza kusubiri dimbwi kwa muda mrefu, na joto lote linatawanyika ndani ya kipande.

Usafishaji. Mzuri kuliko gesi nyingine zote za hapa. Ukanda mweupe pembeni mwa mshono, pale oksidi ilipoondoshwa, unaonekana wazi.

Kuwasha tao. Rahisi. Argoni inahitaji nishati ndogo kuliko heliamu ili ianze kupitisha umeme.

Gharama. Ni nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu kasoro kidogo, kwa hiyo inakaa juu ya kazi na kuifunika. Lita 8 hadi 12 kwa dakika zinatosha kazi nyingi. Mtungi wa lita 50 uliojazwa hadi bar 200 una takriban lita 10,000 za gesi. Kwa lita 10 kwa dakika hizo ni dakika 1,000 za gesi kutiririka, zaidi ya saa 16. Mtungi mdogo wa lita 10 kwenye bar 150 unakupa dakika 150 tu, na hapa ndipo wengi wanaojaza mitungi midogo wanaumia bila kujua.

Usafi wake uwe asilimia 99.99 au zaidi. Hiki ndicho kitu ambacho ningekitolea hela kabla ya kubadilisha rangi ya tungsteni. Mtungi uliojazwa kienyeji, wenye unyevu au hewa iliyobaki, unaharibu kazi ya fundi hodari. Upime hivi: chukua kipande cha alumini kipya, kisugue kwa brashi ya chuma cha pua, kifute kwa asetoni, washa tao na ulitulize mahali pamoja bila kuongeza rodi ya kujazia. Gesi safi inakupa dimbwi linalong'aa hadi unaona kivuli cha ncha ndani yake. Zima, acha gesi iendelee kutoka, kisha tazama tungsteni: ikiwa ya fedha, iko sawa. Ikiwa ya bluu, zambarau au nyeusi, hewa inaingia. Kabla hujamlaumu muuzaji kagua nati za mpira wa gesi na pete ya mpira kwenye kofia ya nyuma ya tochi, maana pete ikikatika tochi inanyonya hewa na dalili ni zilezile. Kagua pia muda wa gesi baada ya kuzima: sekunde moja kwa kila ampea 10 ni kipimo kizuri. Ukiufupisha kuokoa gesi, unaichoma tungsteni.

Inamfaa karibu kila anayefanya kazi za chini ya milimita 5.

### Argoni na heliamu

Mchanganyiko wa kawaida ni argoni 75 kwa heliamu 25, kisha nusu kwa nusu.

Joto. Kubwa zaidi kwa ampea zilezile, kwa kuwa heliamu inapandisha volti za tao. Ukiwa na mashine ndogo na kipande kinene, ni kama umeongezewa ampea ambazo mashine haina. Dimbwi linatokea mapema, linapanuka, na gesi zilizonaswa ndani zinapata nafasi ya kutoka, hivyo matundu yanapungua.

Usafishaji. Unapungua kadiri heliamu inavyoongezeka. Maandalizi ya mikono yanabidi yawe makini zaidi.

Kuwasha tao. Kwa asilimia 25 hutaona tofauti kubwa. Kwa nusu kwa nusu utaiona, na ukipita asilimia 75 za heliamu tao la AC linaanza kuyumba.

Gharama. Mtungi ni ghali na unaisha upesi. Heliamu ni nyepesi kuliko hewa kama mara saba, inapaa na kuondoka, kwa hiyo unapandisha mtiririko hadi lita 12 hadi 18 kwa dakika. Hesabu ileile: lita 10,000 kwa 18 ni saa 9 na kitu. Kipima mtiririko cha argoni pia hakisomi heliamu sawasawa, kwa hiyo usikiamini bila jedwali la kurekebisha.

Inamfaa anayefanya silinda hedi, gia boksi, flenji na sahani nene kila wiki, ana mashine isiyozidi ampea 200 au 250, na analipwa bei inayolingana. Kwa anayekutana na kipande kinene mara moja moja, kukipasha moto kwanza hadi kama nyuzi 100 au 120 kunaweza kumtosha akiwa na argoni tupu. Usizidishe, alumini nyingi zinapoteza nguvu.

### Heliamu tupu

TIG yenyewe ilianzia hapa. Russell Meredith wa kampuni ya ndege ya Northrop, Marekani, alipata hataza yake mwaka 1942 akitumia tungsteni na heliamu kuunganisha magnesiamu, na kwa miaka mingi njia hiyo iliitwa Heliarc.

Joto. Kubwa kuliko zote. Kwenye DC, tungsteni ikiwa upande hasi, inazama ndani ya alumini nene.

Usafishaji. Kwenye DC ya namna hiyo haupo. Oksidi lazima iondolewe kwa mkono au kemikali muda mfupi kabla ya kuchomelea.

Kuwasha tao. Kugumu, na urefu wa tao unabidi ushikwe kwa umakini mkubwa. Ndiyo maana inapatikana zaidi kwenye mashine zinazojiendesha.

Gharama. Ya juu kabisa. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walitangaza uwepo wa heliamu bonde la Rukwa, Tanzania, na habari hiyo ilitufurahisha wengi, lakini kupatikana ardhini hakushushi bei ya mtungi dukani kesho yake.

Inafaa viwanda vyenye kazi nene ya kurudiarudia. Kwa karakana ya kawaida siioni nafasi yake.

## Gesi ambazo hazipaswi kuwa kwenye meza hii

Kaboni dioksidi, na ule mchanganyiko wa argoni na kaboni dioksidi unaotumika kwa MIG ya chuma. Sehemu kubwa ya mtungi huo ni argoni kweli, na hapo ndipo udanganyifu unapojificha. Kaboni dioksidi ikikutana na tao inaachia oksijeni, oksijeni inaichoma tungsteni iliyo kwenye joto jeupe, na alumini inajaa oksidi uliyokuwa unajaribu kuiondoa. Utaona ncha inaliwa huku unaitazama, na dimbwi linakuwa tope jeusi lisilotaka kuungana na rodi.

Argoni yenye hidrojeni nayo iache kwa mafundi wa chuma cha pua. Alumini iliyoyeyuka inameza hidrojeni nyingi. Ikiganda haiwezi kuishika, na yote inabaki kama matundu. Sababu hiyohiyo inafanya unyevu kuwa adui. Mombasa, Tanga, Zanzibar, rodi za kujazia zikiachwa wazi usiku kucha zinapata unyevu na utando. Ziweke kwenye bomba lenye kifuniko, zifute kwa asetoni kabla ya kazi. Kamwe usifute kwa kisafisha breki chenye klorini: miali ya tao inaweza kugeuza mvuke wake kuwa fosijeni, ambayo ni sumu ya kuua.

Soma lebo ya mtungi, usiamini rangi yake. Na ukichomelea ndani ya tenki au shimo, kumbuka argoni inatuama chini na kuisukuma hewa nje bila harufu wala dalili. Weka feni ya kuvuta hewa, na mtu wa kukuangalia akiwa nje.

## Chagua kwa hali yako

Una transfoma ya AC na kazi za kawaida. Kijani kwa ampea za wastani, nyeupe ukipandisha. Argoni tupu. Tumia kijidonge, usipoteze muda kuichongoa.

Una inveta ya AC/DC ya ampea 200, unapokea kila kitu. Lanthanamu ya dhahabu au bluu, milimita 2.4 na pakiti ndogo ya 1.6. Balansi anza na asilimia 70 upande hasi, masafa Hz 100 au 120. Mshono ukiwa na vidoa vyeusi visivyoondoka, shusha balansi upate usafishaji zaidi. Ncha ikivimba, pandisha balansi. Argoni tupu.

Kazi yako ni rejeta na bati jembamba. Kijivu au lanthanamu, milimita 1.6. Argoni lita 6 hadi 8 kwa dakika, kikombe kidogo cha kauri (pua ya tochi inayotoa gesi). Heliamu hapa itakutobolea kazi.

Unaziba silinda hedi na sampo. Lanthanamu ya 2.4 au 3.2. Kwanza pasha kipande, mafuta yaliyojificha kwenye matundu yatoke na kufutwa, rudia mpaka kitambaa kibaki safi. Jaribu argoni tupu. Kama kazi hizi ndizo zinazokulipa kila wiki, piga hesabu ya mchanganyiko wa heliamu asilimia 25 dhidi ya muda unaopoteza kusubiri dimbwi.

Kazi itakaguliwa kwa eksirei. Nyeupe kwenye transfoma, lanthanamu kwenye inveta, argoni ya 99.99 kwenda juu yenye cheti, na kipenyo kisichobanwa na ampea.

Una nyekundu nyingi karakanani kwako na inveta. Zimalize kwa tahadhari ya vumbi niliyoeleza, ikiwa una mahali pa kunolea. Kama huna, zipeleke kwenye karakana iliyo napo.

Karakana yako iko wazi, pwani. Kusi ikivuma inapeperusha argoni kutoka kwenye kazi, na mchanganyiko wa heliamu unapeperuka haraka zaidi. Zuia upepo kwa bati au turubai pande mbili kabla ya kuongeza gesi, kwa sababu mtiririko ukipita lita 15 au zaidi kwenye kikombe kidogo unazunguka na kuvuta hewa ndani. Lenzi ya gesi kwenye tochi, kichujio cha wavu kinachonyoosha mtiririko, inasaidia hapa kuliko rangi yoyote ya tungsteni.

Mashine yako ni ya DC tu. Usinunue tungsteni ya alumini kwanza. Tumia argoni na lanthanamu kwa chuma cha pua, weka akiba, na ukienda kununua inveta ya AC/DC beba kipande chako cha alumini cha milimita 3, uombe iwashwe na kuchomelewa mbele yako kwa ampea 120 kabla hujalipa.